Tende Saba za Joto

Alasiri ile bulla, yaani mtaa wao, ilikuwa imetulia. Jua la Garissa lilikuwa limeanza kulegea, mbuzi walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta, na mkokoteni wa maji ulipita polepole nyuma ya punda wake, ukidondosha matone ambayo mchanga uliyanywa papo hapo. Chini ya mwarobaini uani, Idman alikuwa akishona sare ya shule kwa cherehani yake ya miguu. Kando yake mama yake, Lul, alikuwa amejinyoosha juu ya mkeka akijipepea kwa kipande cha katoni.

Ndugu msomaji, itazame nyumba hiyo vizuri kabla hatujaendelea, maana huenda inafanana na yako. Ina vyumba vinne. Vitatu vina joto la kuokea mkate. Cha nne, kilicho mbele karibu na lango, ni sebule ya wageni. Humo mna zulia jekundu, mito ya kuegemea, na mashine ya kupoza hewa. Mlango wake umefungwa, na ufunguo umening'inia kwa uzi shingoni mwa Lul.

"Hooyo," Idman alimwita mama yake kwa neno la kwao, "si uingie ulale sebuleni? Joto hili litakuua."

"Na wageni wakija wakute zulia linanuka jasho la kikongwe?"

"Wageni gani? Tangu Idi hajaingia mtu mle."

"Ndiyo maana ni safi."

Idman alicheka, akarudi kwenye pindo lake. Maneno hayo walikuwa wameyasema mara nyingi, na kila mara yaliishia hapo. Wakati huo simu ikalia.

Aliyepiga ni Hanad, kaka yake Idman. Hanad anaishi Uswidi na mkewe Ruweyda na binti yao mdogo, Iftin. Anaendesha basi katika mji wa kaskazini ambako, wakati wa baridi kali, jua huchungulia kidogo tu kisha hurudi kwake. Alikuwa amenunua nyumba ya mbao ya zamani. Jiko lake la kuni lilikuwa limekwisha kwa kutu, na sasa alitaka kuweka mtambo mpya wa kupasha nyumba nzima joto.

"Mtambo wenyewe unakaa nje," alieleza. "Unapasha maji, mabomba yanayapeleka kila chumba, na ukutani kunawekwa rejeta, vyuma vipana ambavyo maji hayo hupita ndani yake. Chuma kikipata moto, chumba nacho kinapata. Sasa fundi anataka kujua rejeta zikae wapi kabla hajapasua sakafu. Na mtambo huu unatosha rejeta saba tu. Zikizidi hapo, zote zitakuwa vuguvugu."

"Na mimi niliye Garissa unaniuliza habari ya joto?"

"Sikuulizi wewe, abaayo. Nakutumia ramani ya nyumba. Mwonyeshe adeer Warfa. Nitafanya atakavyosema yeye."

Abaayo ni dada, na adeer ni ndugu wa baba. Baba yao Hanad na Idman alipofariki, Warfa ndiye aliyewalea, na Hanad alipotaka kusafiri, Warfa aliuza ngamia wake ili kijana apate njia. Tangu siku hiyo Hanad hakuwahi kufanya jambo kubwa bila idhini yake. Hata jina la Iftin lilichaguliwa uani pale, chini ya mwarobaini.

Kabla Idman hajamaliza kuitazama ile ramani, ujumbe wa sauti ukaingia kutoka kwa Ruweyda. Aliongea kwa haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa.

"Abaayo Idman, nisikilize. Chumba cha Iftin kiko upande wa kaskazini, na kuta zake mbili ziko nje. Mwaka jana asubuhi moja nilikuta barafu kwenye kioo, upande wa ndani. Kifua cha Iftin unakijua. Alizaliwa kabla ya wakati, na kila baridi ikiingia tunaishi kwa dawa ya kuvuta. Daktari alisema akishikwa tena na nimonia, hali haitakuwa rahisi. Nataka rejeta mbili chumbani kwake, moja chini ya kila dirisha. Nimemwambia Hanad, naye ananiambia tungoje Garissa. Wallahi, Idman, nyinyi mnatoka jasho, sisi tunatetemeka, halafu nyinyi ndio mnaoamua."

Idman aliusikiliza ujumbe huo mara mbili. Aliona jambo lenyewe ni jepesi. Mtoto ana kifua kibovu, chumba chake kina baridi, basi joto lipelekwe huko. Nani angekataa?

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, Warfa alikuja kunywa chai kama desturi yake. Alikuja na Bare, jirani na binamu yake, dereva mstaafu wa malori ya Mandera. Idman alikuwa ameichapisha ramani kwa karatasi kubwa. Aliitandaza mkekani, akaeleza mlango ulipo, jiko lilipo, vyumba vya juu na vya chini. Lul alileta chai ya maziwa ya ngamia na sahani ya tende.

"Rejeta?" Bare alisema, akivuta mguu wake uliokuwa na ganzi. "Rejeta naijua mimi kuliko huyo fundi wao. Ikichemka kule Tarbaj, nilikuwa naipoza kwa maji ya kunywa huku abiria wananitukana."

"Ile ya lori inapoza injini, adeer Bare. Hii inapasha chumba."

"Chuma ni chuma. Rejeta hukaa mbele, ipigwe na upepo. Weka moja hapa mlangoni."

Warfa alihesabu tende saba kutoka kwenye sahani. Alikuwa mtu wa utaratibu, na alitaka kuliona jambo kwa macho. Tende moja aliiweka mlangoni, kama alivyoshauri Bare. Kisha akazichukua tatu kwa pamoja, akazipanga kwenye chumba kikubwa cha mbele.

"Hii ndiyo sebule ya wageni," alisema. "Wazee wetu walioko Ulaya wanatafuta pa kukutana. Siku moja watakutana kwa Hanad. Wakitetemeka nyumbani kwa mtoto wa ndugu yangu, aibu itafika hapa kabla chai haijapoa. Siku hizi aibu ina simu."

Bare akacheka. "Na bafu usisahau. Mzee akitawadha alfajiri kwa baridi ile, atakufa akiwa na udhu."

Tende ya tano ikaenda bafuni. Ya sita ikaenda chumbani kwa Hanad na mkewe. Idman akaona wakati wake umefika.

"Adeer, Ruweyda ameomba mbili kwa chumba cha Iftin. Hiki hapa, cha kaskazini. Kifua cha mtoto ni kibovu. Walau hiyo iliyobaki..."

Warfa alitazama mahali tende ya saba ilipokuwa. Hapakuwa na kitu. Bare alikuwa akitafuna.

"Bare! Umekula joto la mtoto!"

Wote wakacheka, hata Lul. Bare alitema kokwa kiganjani akaitazama kwa majuto ya mzaha. Warfa akachukua tende nyingine, akaishika hewani juu ya karatasi, akafikiri. Kisha akaiweka kwenye chumba cha kulia chakula.

"Wageni watakula hapa," alisema. "Mtoto hulala na mama yake. Wewe ulilala peke yako ukiwa na umri ule?"

"Sikulala Uswidi, adeer. Na nguo hupimwa mwilini mwa atakayeivaa. Ruweyda ndiye anayelala mle ndani."

"Na kitambaa kilitoka kwa nani?" Warfa aliuliza kwa upole, bila kuinua macho.

Hakuna aliyewataja ngamia, lakini wote walijua wanazungumziwa wao. Idman alimtazama mama yake. Lul alikuwa anamimina chai, macho yake kwenye kikombe.

Tusiharakishe kumhukumu Warfa. Hakuwa mtu mbaya, wala hakumchukia mtoto. Alikulia porini, ambako mgeni aliyekosa maji kwako huenda asifike penye kisima kinachofuata. Alifundishwa kwamba mgeni hula kwanza, naye ameishi hivyo na kuheshimiwa kwa hivyo. Ila huku kwetu ukimpa mgeni maziwa yote, mwenye nyumba hulala na njaa usiku mmoja. Hakujua kwamba baridi ya huko haisamehe hata usiku mmoja.

Idman hakukata tamaa siku hiyo. Alimpigia Hanad.

"Abaayo," Hanad alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka, "ingekuwa ni mimi, zote ningempa Iftin. Lakini nitamwambia nini yule mzee? Tutamlaza chumbani kwetu. Kuna joto pale."

"Kwa hiyo unajua kwamba chumba chake kitakuwa na baridi."

"Najua."

"Basi mwambie fundi!"

"Mwambie adeer kwanza."

Akaenda kwa adeer. Akaambiwa amekwenda Kotile kuangalia mifugo. Akampigia, simu haikupatikana. Mzee aliporudi, Idman alimkuta msikitini, kisha sokoni, kisha kwenye mkutano wa mgogoro wa kisima, na kila mara aliambiwa, "Lile jambo tulilimaliza." Akamgeukia mama yake.

"Hooyo, sema wewe. Ni mjukuu wako."

"Wanaume wamekwisha kaa kikao, Idman. Nitasimama vipi?"

Idman alirudi kwenye cherehani. Uzi ulikatika, akautia tena tunduni, ukakatika tena. Alijihisi kama mtu anayebisha mlango ambao kila aliye ndani anamwambia ufunguo uko kwa mwenzake. Huko Uswidi fundi alipasua sakafu, akapitisha mabomba, akafunga rejeta pale tende zilipokuwa.

Baridi iliingia. Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda, kwa sababu Iftin alilala chumbani kwa wazazi wake. Ruweyda alikifunga kile chumba cha kaskazini na kuziba chini ya mlango kwa blanketi. Idman alianza kufikiri labda alikuwa amejisumbua bure.

Halafu wageni wakaja.

Walikuja kweli, kama Warfa alivyotabiri: wazee wa ukoo kutoka miji mbalimbali, wengine na wake zao. Wanaume walilala sebuleni. Wanawake wazee walipewa chumba cha Hanad na Ruweyda, kwa sababu hakuna anayemlaza mama wa watu sakafuni huku yeye yuko kitandani. Hivyo Hanad, mkewe na mtoto walihamia chumba cha kaskazini, wakatandika magodoro chini. Walikuwa na hita ndogo ya umeme. Hanad aliiweka ukumbini, ili mzee mmoja aliyekuwa na maumivu ya miguu asipatwe na baridi akienda kutawadha.

Sifa zilifika Garissa upesi. Katika kundi la WhatsApp la ukoo, mzee mmoja alituma sauti yake: "Warfa! Nyumba ya mtoto wako ina joto kama Garissa! Tumevua makoti! Mungu akuzidishie, umelea mwanamume."

Warfa alimchezea kila mtu sauti ile. Aliicheza hotelini, akaicheza kwenye soko la mifugo, na jioni akaja nayo kwa Lul. Alikaa mkekani, Bare ubavuni pake, akaweka simu juu ya sahani iliyopinduliwa ili sauti isikike vizuri.

"Tumevua makoti!" ilisema simu.

"Makoti!" Bare alirudia, akipiga goti. "Na ile ya mlangoni ni yangu, usisahau kuwaambia."

Idman alitoka chumbani akiwa ameshika simu yake mwenyewe. Hakusalimia. Bare alitaka kumtania, lakini alipoona uso wake akaghairi.

"Adeer," Idman alisema, "na hii isikilize."

Ilikuwa sauti ya Ruweyda. Safari hii haikuwa na haraka yoyote. "Idman, tuko hospitali. Ni nimonia. Wamemwekea Iftin hewa ya mashine. Usiku alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, na mimi niliogopa kuwasha taa nisiwaamshe wageni. Nilimbeba nikapita naye sebuleni kwenda mlangoni, na pale sebuleni, Idman, palikuwa na joto mpaka nikatokwa na jasho. Mwambie hooyo aombe dua." Nyuma ya sauti yake kulisikika pumzi fupi, kavu, kama msumeno mdogo kwenye ubao.

Sauti ikaisha. Mbuzi alilia nje ya lango. Warfa alinyoosha mkono kwenye simu yake, akaizima, ingawa haikuwa ikisema kitu tena.

"Ni kadari ya Mungu," alisema hatimaye.

"Kadari siikatai, adeer," Idman alijibu. "Lakini tende tulizipanga sisi."

Warfa aliinuka akaenda zake bila kumaliza chai. Siku zilizofuata hakuja uani. Watu walisema wamemwona amekaa peke yake msikitini baada ya swala, wakati wenzake wametoka.

Kwa rehema za Mungu, Iftin hakufa. Hewa ya mashine iliondolewa, akaanza kunywa supu, akauliza kama wale mababu bado wako nyumbani. Lakini daktari alisema wazi: mtoto huyu asirudi kwenye nyumba ambayo chumba chake ni baridi. Wazazi walikuwa wanatazamia mtoto wa pili, na chumba chao kisingewatosha wote kwa muda mrefu. Hanad akapiga simu.

"Fundi anaweza kuhamisha rejeta mbili," alimwambia Idman. "Mabomba yanafika. Ni kazi ndogo."

"Alhamdulillahi. Ahamishe."

"Muulize adeer kwanza."

Wewe msomaji ungesema nini hapo? Idman alikata simu, akakaa juu ya kiti chake cha cherehani, akacheka kicheko ambacho hakikuwa na furaha hata chembe. Kisha akatoa ile ramani chini ya vitambaa, akaikunjua, akaenda mwenyewe mpaka kwa Warfa.

"Adeer, chai iko tayari," alimwambia mlangoni. "Na safari hii tende nitazihesabu mimi."

Warfa akachukua kofia yake, akamfuata. Njiani wakampitia Bare.

Ramani ilitandazwa tena mkekani. Idman aliziweka tende saba pale pale zilipokuwa awali, kisha akaweka simu katikati, Hanad na Ruweyda wakiwa hewani. Lul alileta birika. Lakini baada ya kumimina hakurudi jikoni. Aliliweka birika chini, akakaa mkekani, kati ya Warfa na Bare. Wanaume walisogea bila kujua kwa nini wanasogea.

"Warfa," alisema, "tulipokuwa tunahama kule Kotile, nyumba yetu ya aqal ni nani aliyeijenga?"

"Wewe, na mke wangu, Mungu amrehemu."

"Fito nani alizikunja? Mikeka nani aliifuma? Ngamia wa mizigo akifika, nani alichagua mlango uelekee wapi, moto ukae wapi, watoto walale upande gani?"

"Nyinyi."

"Uliwahi kuniuliza, 'Lul, moto umeuweka wapi?'"

Warfa alikuna ndevu. "Hapana."

"Ulikuwa wapi?"

Bare akadakia, "Alikuwa nje na mimi, tunangoja chai!"

Warfa akashindwa, akatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza tangu zile habari zije. Lul hakutabasamu.

"Nyumba ilikuwa ya mwanamke, na mwanamume aliingia humo kama mgeni mwenye adabu. Tulipohamia nyumba za mawe mkasema, hii ni mali, na mali ni ya kikao. Tukanyamaza. Mimi pia nilinyamaza. Siku ile nilikuwa hapa hapa na birika mkononi, nikaona tende ya mjukuu wangu inaliwa, nikacheka."

"Basi sema zikae wapi, hooyo," Hanad alisema kutoka simuni.

"Mimi? Mimi ningeweka moto katikati ya nyumba, kama kwenye aqal, na ningekosea. Baridi ya huko siijui. Anayeijua ndiye anayeamka nayo. Ruweyda, binti yangu, uko hapo?"

"Niko, hooyo."

"Sema."

Mtu aliyezoea kutosikilizwa hushtuka akipewa nafasi. Ruweyda alianza polepole. Alisema rejeta huwekwa chini ya dirisha, kwa sababu baridi hushuka kutoka kwenye kioo, na joto hupanda kuipokea njiani. Alisema rejeta ya mlangoni ibaki, maana mlango ukifunguliwa upepo huingia mpaka ngazini.

"Mnasikia?" Bare alinong'ona. "Ipigwe na upepo. Niliwaambia."

"Nyamaza, Bare," alisema Lul.

Ruweyda alisema ya bafuni ibaki, na ya chumbani kwao ibaki. Alisema sebule, kwa jinsi ilivyo, mbili zinaitosha, na wageni wanaweza kuvaa sweta kama anavyovaa yeye. Alipofika chumba cha kulia, na kile cha kaskazini, sauti yake ikasita.

"Sitaki kumvunjia adeer heshima," alisema.

Macho yote yakamgeukia Warfa. Mzee aliinama juu ya karatasi. Alichukua tende moja kutoka sebuleni na moja kutoka chumba cha kulia. Alizishika kiganjani kwa muda, kana kwamba zina uzito. Kisha akaziweka kwenye chumba cha kaskazini, moja chini ya kila dirisha, akazisukuma kwa kidole mpaka zikagusa mstari wa ukuta.

"Hapo?" aliuliza.

"Hapo, adeer."

"Hanad, umesikia? Na kuanzia leo, jambo la ndani ya nyumba yako usinipigie mimi. Niliuza ngamia uende ukawe mwenye nyumba, sikuwauza ili niwe mwenye nyumba kule Uswidi."

"Nimesikia, adeer." Hanad alisema hivyo, kisha kwa sauti ndogo akaongeza, "Ningepaswa kulijua hili bila kuambiwa."

"Ungepaswa," Warfa alisema. "Na mimi pia."

Bare aliitazama ile ramani, akaitazama sahani. "Je, sasa naweza kula moja?"

"Kula za sahani," Idman alimwambia. "Za karatasi zina mwenyewe."

Rejeta zikahamishwa. Iftin alirudi nyumbani, akalala chumbani kwake, na Ruweyda akatuma picha: mtoto amepiga magoti kitandani bila soksi, anachora kwa kidole kwenye mvuke wa kioo. Hata hivyo kifua chake hakikurudi kama zamani. Daktari alisema nimonia ile imeacha alama, na atatembea na dawa ya kuvuta mfukoni pengine maisha yake yote. Joto lilifika, ila lilichelewa, na kilichoharibika katika kuchelewa huko hakikurejeshwa na rejeta.

Siku picha ile ilipofika, joto la Garissa lilikuwa la kuchoma nyayo. Lul aliitazama picha, akairudisha simu, akalala mkekani akijipepea kwa kipande chake cha katoni. Baadaye mkono wake ukasimama. Alikaa kitako. Akavua uzi shingoni.

"Idman."

"Naam, hooyo."

"Fungua kile chumba."

"Kuna wageni?"

"Hakuna," alisema Lul. "Ni sisi."

Idman aliuchukua ufunguo. Kufuli lilikuwa gumu kwa vumbi, likakataa mara ya kwanza. Mlango ulipofunguka, harufu ya zulia lisilokanyagwa iliwapokea. Aliiwasha ile mashine, ikakohoa, ikaanza kupuliza. Lul alisimama kizingitini akiwa ameshika viatu vyake mkononi, kama mtu aliyekuja kutembelea nyumba ya watu, mpaka binti yake alipomshika mkono akamwingiza ndani.

Mafunzo

Wenzangu, kumkirimu mgeni ni jambo jema, na hadithi hii haikuja kulibomoa. Mpeni mgeni maziwa, mpeni mto mzuri, mpeni tabasamu. Lakini ukarimu unaotolewa kwa pumzi ya mtoto wako si ukarimu tena, ni woga wa maneno ya watu uliovikwa nguo nzuri. Kitu chema, kiwe joto la Uswidi au ubaridi wa Garissa, kianzie kwa dhaifu aliye ndani, kisha kimfikie mwenye nguvu anayepita.

Pia, anayelala chumbani ndiye anayekijua chumba. Aliye mbali apendaye kusaidia na aulize kabla ya kuamua, hata kama yeye ndiye aliyetoa ngamia. Naye aliyelelewa na kupewa asifiche woga wake nyuma ya heshima. Kumheshimu mzee ni pamoja na kumwambia ukweli mapema, ili asije akaubeba mzigo ambao angeuepuka kama angejua.

Na sisi tunaokaa kimya tukiwa na birika mkononi, tukijua kwamba jambo halijakaa sawa, tukumbuke Iftin. Leo jioni, ukifika nyumbani kwako, utazame mlango uliofungwa kwa ajili ya wageni, kisha uwatazame wale wanaolala nje yake.